Doti Haikatwi

Saumu kaniletea sauti saa tisa za usiku,
anahema, maji yanachuruzika nyuma yake:
"Dada, leo nimeosha mbayuwayu mia na kitu."

Nikadhani ni usingizi.
Kumbe huko Monpelie tramu huvishwa.
Laini ya kwanza buluu, mbayuwayu weupe ubavuni;
ya pili maua, makubwa kama sinia;
ya tatu pweza na samaki na mwani,
utadhani imetoka majini haijajifuta.
Naye, kwa ndoo na brashi ya mpini mrefu,
huwaosha kabla hawajaruka alfajiri.

Mimi nauza khanga, Barabara ya Nane, Ngamiani.
Nikamuuliza swali la mwenye duka:
"Pindo nimelisikia, mji nimeuona. Jina je?"
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
"Hazina jina, Dada. Zina namba tu.
Zinapita kimya, kengele ting,
na mkazi wa mji halipi hata senti."

Hata senti!
Sisi watu wa duka, neno bure
tunalishika kwa ncha za vidole,
tunaligeuza, tunatafuta lilipotoboka.

Akanitumia ramani. Nikaikodolea siku nzima,
wateja wakijipimia wenyewe.
Ni khanga ile ile:
pindo ni vitongoji, laini zinakoishia na dereva akanyoosha miguu;
mji ni uwanja wa katikati, zote zinapopigana pambaja.

Jioni nikafunga mlango nusu,
nikatandaza doti nyeupe iliyonigomea tangu Mfunguo Sita,
nikaazima chaki ya fundi Nkondo,
nikaijengea Tanga reli.

Ya kwanza, mkonge: Kange hadi Raskazone,
siku ya mechi ipite Mkwakwani ibebe kelele.
Ya pili, korosho za kizamani, mkia umepinda:
Duga, Mabawa, Makorora, Barabara ya Ishirini,
kisha ishuke ikihesabu, kumi na tisa, kumi na nane,
kama mtoto anayerudisha chenji.
Ya tatu nilitaka baiskeli,
maana Tanga bila baiskeli ni kuusingizia mji.
Chaki ikavunjika kabla ya Chumbageni.

Ya nne niliichora kwa mkono usioinuka.
Mwakidila hadi Bombo, mlangoni kabisa, pale wanapoteremsha machela.
Haina ua, haina ndege.
Usiku ule mama tulimpakia kwenye baiskeli ya Kilua muuza mkaa,
Saumu kamshika kiuno, mimi nasukuma.
Mnyororo ukaruka mara tatu,
na mara ya tatu hatukuwa tena na haja ya haraka.

Saumu alikuwa na miaka kumi na minne.
Hajalitaja tangu hapo.
Ila juzi, katikati ya habari za sabuni,
kasema: "Huku kituoni kuna ubao, Dada.
Unakwambia zimebaki dakika ngapi."
Kisha maji tu, yanachuruzika.

Asubuhi kaja Bi Mwanjaa, mteja wangu wa mkopo,
anayenunua kila kitu nusu.
Akaipapasa. "Chaki hii inatoka?"
"Ikifuliwa."
"Basi nikatie kimoja. Kingine atachukua mwenzangu."

Nikashika mkasi, kweli nikaushika.
Nikatafuta pale vipande viwili vinapoachana.
Pale pale laini ya nne inavuka,
inatoka kipande hiki, inaingia kile.
"Hii haikatwi," nikamwambia. "Reli inapita."
Akanitazama kama mtu aliyetajiwa bei ya mwaka juzi.

Jina bado.
Nafasi yake nimeiacha chini ya mji, upana wa vidole viwili.
Nilianza kuandika, nikafuta kwa gumba.
Atalitaja Saumu mwenyewe,
akishamaliza kuosha.